Tuhamishe matairi, ila tujue sababu

Juma lililopita nilijiwa ofisini na kijana mmoja niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, na ambaye hivi sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Nilidhani amekuja kuniuliza jambo kuhusu ngeli au vitenzi. La hasha! Swali lake lilihusu matairi. Baada ya kudunduliza mshahara wake kwa muda mrefu, na kujaziliziwa na chama chake cha akiba na mikopo, alikuwa amejinunulia Subaru Impreza WRX iliyokwisha kutumika huko Japani. Fundi wa kwanza aliyemwendea alimwambia: "Mwalimu, hakikisha matairi haya yanazungushwa kila baada ya kilomita 10,000." Fundi wa pili, katika mtaa uo huo, akamwonya: "Mwalimu, usithubutu. Gari la mbio halizungushwi matairi." Kijana akanitazama usoni. "Sasa, Daktari, nimsadiki nani?"

Nilimwambia kwamba mimi si fundi, na kwamba ujuzi wangu wa magari haupiti ule wa mtu aliyeendesha kwa miaka mingi na kuadhibiwa na barabara mara moja moja. Hata hivyo swali lake halikunitoka akilini. Limenirudia darasani, limenirudia nyumbani, na leo nimeona heri nilijadili hapa, kwa kuwa linatuhusu sisi walimu na wanafunzi kuliko tunavyodhani. Mafundi wale wawili hawakuwa wajinga. Kila mmoja alikuwa na kanuni iliyo kweli mahali fulani. Kosa lao ni kwamba kila mmoja alitoa kanuni na kuizuia sababu yake.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Mafundi wetu husema "kuzungusha matairi", na usemi huo unatatiza kidogo, maana tairi huzunguka kila gari linapokwenda, na hakuna haja ya kumlipa mtu alizungushe. Kinachokusudiwa ni kuyahamisha: lililokuwa mbele liende nyuma, la nyuma lije mbele, na pengine la kushoto livuke kulia. Mimi ningependa kusema kwamba matairi hupokezana zamu. Msemo huo umebeba sababu ndani yake, kwa kuwa zamu hupokezanwa pale ambapo kazi si sawa.

Na kazi ya matairi si sawa hata kidogo. Katika magari mengi madogo ya leo injini huyasukuma magurudumu ya mbele. Matairi hayo ya mbele basi hulivuta gari, hulielekeza kwenye kona, na hubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, maana gari likisimama ghafla uzito wake huinamia mbele. Yale ya nyuma hufuata tu, kama abiria. Si ajabu basi kwamba ya mbele huisha upesi, hasa pembeni, ilhali ya nyuma yangali na mifereji mirefu. Mwenye gari akiyaacha hivyo, atanunua mawili leo na mawili mwakani, na gari lake halitakuwa na matairi manne yenye umri mmoja kamwe. Akiyahamisha kwa wakati, yote manne huisha pamoja. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari hupendekeza uhamishaji kila baada ya kilomita 8,000 hadi 12,000 hivi. Hiyo ndiyo kanuni ya fundi wa kwanza, na kwa magari mengi ni kanuni njema.

Lakini gari la kasi ni kiumbe mwingine. Nitaeleza kwa kuanzia pale ambapo mwanaisimu hujisikia nyumbani, yaani kwenye maandishi. Ubavuni mwa kila tairi mna sentensi fupi ambayo wengi wetu hatujapata kuisoma. Chukua hii: 225/45R17 91W. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili yasema kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo. Herufi R yaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 91 ni kiwango cha mzigo, nacho ni kilo 615 kwa kila tairi. Herufi W ni mwendo ambao tairi hilo limeundwa kuuhimili, kilomita 270 kwa saa. Sheria zetu haziruhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa hata katika barabara kuu, kwa hivyo herufi hiyo isimpumbaze mtu. Bali mpangilio huu una sarufi yake kamili, na anayeujua atapata jibu la swali la kijana wangu kabla hata ya kumwita fundi.

Tuangalie BMW M3 zilizoundwa kati ya 2000 na 2006. Kwenye ringi zake za inchi 18, tairi la mbele liliandikwa 225/45 na la nyuma 255/40. Ukipiga hesabu utaona kwamba kimo cha matairi hayo kinakaribiana mno, lakini la nyuma limezidi la mbele kwa milimita 30 za upana. Porsche 911, ambazo injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, zimefuata desturi hiyo hiyo kwa miongo mingi. Katika gari la namna hii hakuna mjadala wa kuhamisha mbele kwenda nyuma. Upana wenyewe umekataa.

Tena upana huo haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Gari likizidiwa na mwendo kwenye kona, ni lazima upande mmoja uanze kuteleza. Ukianza wa mbele, gari hunyooka na kukataa kukata kona. Dereva hushtuka, huondoa mguu kwenye mafuta, mwendo hupungua, na mara nyingi gari humsikiliza tena. Ukianza wa nyuma, mkia wa gari huja mbele, gari hugeuka kama pia, na dereva wa kawaida hana tena la kufanya ila kumwomba Mungu. Kwa hiyo waundaji huhakikisha kwamba nyuma kunashika kuliko mbele. Naomba msomaji aikumbuke kauli hii, kwa maana ndiyo mzizi wa yote nitakayoyasema.

Kuna kizuizi cha pili. Matairi mengi ya magari ya kasi yamechongwa mifereji yenye mwelekeo, mithili ya mishale, na ubavuni pana mshale unaoonyesha upande ambao tairi lapaswa kuviringikia. Mifereji hiyo huyasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Tairi la kulia likifungwa kushoto bila kung'olewa kwenye ringi yake, litaviringika kinyume, na kazi hiyo ya kutoa maji itaharibika siku ya mvua. Matairi hayo huweza kuhama mbele na nyuma tu, kwa upande ule ule, endapo ukubwa wake ni sawa. Mengine yana uso ambao nusu yake ya nje si sawa na nusu ya ndani, nayo huandikwa OUTSIDE upande unaopaswa kutazama nje. Hayo huweza hata kuvuka kutoka kulia kwenda kushoto, mradi upande wa nje ubaki nje.

Cha tatu ni jinsi magurudumu yenyewe yalivyokaa. Magari mengi ya kasi magurudumu yake huinamishwa kidogo, juu yakielekea ndani, ili yashike vyema kwenye kona. Matokeo yake ni kwamba ukingo wa ndani wa tairi huisha kabla ya ule wa nje. Mwenye gari hutazama kwa nje, akaona mifereji mizuri, akalala usingizi wa pono, kumbe upande wa ndani umebaki kipara. Uhamishaji hautibu maradhi hayo. Utayaeneza tu kwenye matairi mengine, kama kumpeleka mgonjwa wa surua katika bweni jingine. Dawa ni kupimisha mkao wa magurudumu kwa mtambo, na kujizoeza kuinama na kupapasa upande wa ndani kwa mkono.

Kwa sababu kama hizi, BMW imewahi kuwashauri wateja wake, katika vitabu vya magari yake, wasibadilishane magurudumu ya mbele na ya nyuma hata kama ukubwa ni mmoja, ikihofu kwamba tabia ya gari barabarani itaharibika. Hoja hiyo ina uzito. Tairi likikaa mahali pamoja kwa muda huchukua umbo la kazi ya mahali pale. Likihamishwa, huwa halikanyagi barabara kwa uso wake wote mpaka lisagike upya, na katika kipindi hicho gari huvuma na kushika kwa namna ngeni. Dereva wa gari la kasi huihisi tofauti hiyo mara moja. Fundi wa pili, basi, naye alikuwa na kweli yake.

Ila kweli hiyo haikuwa ya gari la kijana wangu. Subaru WRX huendeshwa na magurudumu yote manne, na matairi yake yote manne ni ya ukubwa mmoja. Wakenya tunaipenda kwa sababu tunazozijua. Tulimwona Colin McRae akishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Ila wengi wanaoinunua hawajui kwamba gari hilo lina sharti ambalo magari mengine hayana. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma mna difu ambayo kazi yake ni kustahimili tofauti ndogo ya mizunguko gari linapokata kona. Haikuundwa kustahimili tofauti ya kudumu.

Tufanye hesabu ndogo, na mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake kesho asubuhi. Tairi jipya la 225/45R17 lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Katika kilomita moja litazunguka takriban mara 502. Tairi la aina hiyo hiyo lililosagika kwa milimita 5 kipenyo chake kimepungua kwa milimita 10, nalo litahitaji mizunguko 510. Tofauti ni mizunguko 8 tu. Ni kitu gani? Lakini toka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 au karibu na hapo. Gari lililofungwa matairi mapya nyuma na yaliyochakaa mbele litafika pwani ekseli zake zikiwa zimepishana kwa takriban mizunguko 4,000, na tofauti yote hiyo imemezwa na difu ile ya katikati ikichemka njia nzima. Ndiyo sababu Subaru husisitiza kwamba matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja, aina moja na uchakavu unaolingana. Kwa gari hili kuyapokeza matairi zamu si suala la kubana matumizi. Ni kuiokoa giaboksi. Na mtu anayepasukiwa na tairi moja, akanunua jingine moja lolote la bei rahisi na kulifunga, huenda akaja kulipa gharama ya matairi mengi.

Kwa hiyo jibu nililompa kijana wangu lilikuwa hili: fundi wa kwanza amepatia juu ya gari lako, ila amepatia kwa bahati. Angelikuja mtu mwenye M3 angelimwambia maneno yale yale, na angelikosea.

Nami sina budi kusimulia kisa changu, maana ndicho kilichonifunza kuuliza sababu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na gari dogo lenye injini ya nguvu, la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Matairi ya mbele yalipokwisha nilinunua mawili mapya. Fundi akayafunga mbele, na nyuma akaniachia yale ya zamani yaliyokwisha kuchakaa. Nilipouliza akanijibu kwa kujiamini: "Mbele ndiko kwenye kazi, mwalimu." Jibu lilinipendeza kwa kuwa lilifanana na sababu. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zikimwagika, nilikuwa nateremka kutoka Limuru. Kwenye kona moja niliyoijua kama kiganja changu, matairi yangu mapya ya mbele yaliyakata maji na kushika vizuri. Yale ya nyuma yakaelea. Nilipoondoa mguu kwenye mafuta mkia ulizidi kuja. Gari liligeuka nusu mzunguko likasimama ukingoni likitazama nilikotoka. Lori lililokuwa likipanda lilikuwa mita chache tu. Wanangu wawili walikuwa kiti cha nyuma, na hakuna aliyelia. Walinyamaza, na kimya kile sijakisahau.

Kumbe nyuma kunapaswa kushika kuliko mbele. Watengenezaji wakubwa wa matairi wamelisema jambo hili mara nyingi: ukinunua mawili mapya, yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa kwa mbele. Tairi jipya huwa na mifereji ya kina cha milimita 8 hivi, na nchi za Ulaya haziruhusu kina kushuka chini ya milimita 1.6, kwa sababu tairi bila mifereji haliwezi kuyapisha maji, nalo huelea kama mtumbwi.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Atasema: kama matairi bora yakae nyuma, mbona tunashauriwa kuyatoa nyuma na kuyaleta mbele? Si tunajipinga? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Uhamishaji ni kinga, wala si tiba. Ukianza mapema, tofauti kati ya mbele na nyuma bado ni milimita moja au chini ya hapo, na kuyapokeza zamu hakudhuru usalama. Ukifanya hivyo mfululizo, hakutakuwa na matairi bora na mabovu. Yote yatakuwa ndugu. Bali ukikaa kilomita 30,000 ndipo ukumbuke, mbele kumebaki milimita 3 na nyuma kuna 6, kisha ukayapeleka yale mabovu nyuma ili "yasawazike", utakuwa umejitegea mtego wangu wa Limuru. Aliyechelewa asihamishe. Na anunue mawili mapya, ayafunge nyuma. Mwenye gari la magurudumu manne ya kusukuma aliyechelewa hana hata njia hiyo, bali hulazimika kununua yote manne. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Mwanafunzi hufundishwa kwamba nomino za ki- na vi- huchukua upatanisho wa ki- na vi-: kisu kimevunjika, visu vimevunjika. Akiishikilia kanuni hiyo bila sababu, atatuandikia "kifaru kimekufa", nasi tutampiga alama ya kosa kwa wino mwekundu na kumwambia kwamba kifaru ni "maalumu". Hakuna umaalumu wowote. Sababu ni kwamba katika Kiswahili uhai wa kinachotajwa hushinda umbo la neno, ndipo tukasema kifaru amekufa, kiboko ameoga, kijana amefika. Aliyefunzwa sababu hahitaji orodha ya vighairi. Hata akikutana na mnyama ambaye hajapata kumsikia, atapatanisha sawasawa.

Ndivyo ilivyo kwa matairi. "Hamisha kila kilomita 10,000" na "usihamishe gari la mbio" ni umbo la neno tu. Sababu iliyo chini yake ni moja: matairi yachakae pamoja, na nyuma kusiwe na mshiko haba kuliko mbele. Ukiijua hiyo, M3 na Subaru hazipingani tena. Moja inaitimiza kwa kuyaacha matairi mahali pake, na nyingine kwa kuyapokeza zamu.

Wanafunzi wanaosoma makala haya wengi hawana magari, na huenda wakaona kwamba nimewachosha bure. Ninachowaomba ni kidogo. Siku mwalimu, fundi, daktari au mwanasiasa anapokupa kanuni, umuulize kwa adabu: kwa nini? Akikukasirikia, huenda hajui. Akikujibu upesi mno, kama nilivyojibiwa mimi, muulize mara ya pili.

Na wenye magari, kabla ya kumwachia fundi jeki na spana, inameni msome ubavu wa tairi. Tazameni kama namba za mbele na nyuma ni sawa. Tafuteni mshale. Pimeni kina cha mifereji ndani, katikati na nje. Someni kitabu cha gari lenyewe. Matairi yakishahamishwa, upepo ujazwe upya kwa kipimo cha mahali pake papya, maana mbele na nyuma aghalabu havilingani, na nati zikazwe tena baada ya mwendo mfupi. Yote hayo hayazidi nusu saa.

Kijana wangu alinishukuru akaondoka. Kutoka dirishani nilimwona ameinama kando ya gari lake, kichwa kimepinda, akisoma ubavu wa tairi la nyuma kwa kidole kama mtoto anayejifunza alfabeti. Alifika tairi la nne ndipo akainuka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na yeye alikuwa ameuliza.